Upepo wa Jambiani na Helmeti Inayotikisika: Historia ya Miaka Mia Ambayo Boda Wengi Hawaijui

Saa kumi jioni, mwezi wa Julai, barabara ya Paje kwenda Jambiani. Kusi limeshika kasi, minazi yote imelala upande mmoja. Kijana wa boda anatokea Paje na abiria wake nyuma. Kichwani ana helmeti ile yenye kioo cha mbele na mdomo uliochomoza juu kama kapelo. Pikipiki ikifika mwendo wa 60, kichwa kinaanza kucheza chenyewe: kushoto, kulia, kushoto, kulia. Mdomo wa helmeti unavutwa juu, mkanda unamkaba, na masikioni ni kelele tupu, kama mtu aliyesimama pembeni ya jenereta.

Anapandisha kioo. Upepo unaingia, macho yanatoa machozi, mchanga nao hauchelewi. Anakishusha. Kelele zinarudi. Mwisho anasimama pembeni, anaivua, anaitia kwenye kiwiko, na safari inaendelea. Sasa kinacholindwa ni kiwiko.

Kila aliyepita pwani ya mashariki ya Unguja ameshaiona hiyo picha. Haraka haraka watu husema ni ubishi wa madereva. Ubishi upo, hakuna anayekataa. Lakini kuna jambo jingine ambalo halisemwi: helmeti inayotikisika inachosha mpaka mtu anaichukia. Na tatizo hilo halikuanzia Jambiani. Watu wamepambana nalo kwa zaidi ya miaka mia, wakakosea mara nyingi, na mengi ya majibu waliyoyapata hayahitaji hela.

Mwanzo: turubai kichwani

Pikipiki zilipoanza, walioziendesha walivaa kofia za kitambaa au za ngozi pamoja na miwani ya vumbi. Kofia ya ngozi ilisaidia kwenye baridi. Kwenye lami haikusaidia kitu.

Daktari mmoja wa Uingereza, Eric Gardner, alikuwa akihudumu kwenye uwanja wa mbio wa Brooklands. Alichoka kupokea vijana walioumia vichwa. Akatengenezesha kofia ya turubai lililokazwa kwa gundi ya shelaki mpaka likawa gumu. Mwaka 1914 kofia hizo zikawa lazima kwenye mbio maarufu za Isle of Man TT.

Hiyo ilikuwa kwa watu wa mbio. Mtaani, mambo yaliendelea kama zamani. Tarehe 13 Mei 1935, T. E. Lawrence, yule mwanajeshi Mwingereza anayejulikana kama Lawrence wa Arabia, alikuwa kwenye pikipiki yake aina ya Brough Superior karibu na nyumbani kwake, Dorset. Akakwepa vijana wawili waliokuwa kwenye baiskeli, akaruka, akaumia kichwa. Hakuwa na helmeti. Siku sita baadaye akafariki.

Mmoja wa madaktari waliomhudumia alikuwa bingwa wa upasuaji wa ubongo, Hugh Cairns. Kifo kile hakikumtoka. Mwaka 1941, vita ikiwa imepamba moto, alichapisha utafiti kwenye jarida la madaktari wa Uingereza. Alionyesha kwamba katika miezi 21 ya mwanzo ya vita, waendesha pikipiki na abiria wao 2,279 walikufa barabarani nchini humo. Ajali za watu waliovaa helmeti alizoweza kuzipata zilikuwa saba tu, na kati ya hao saba hakuna aliyekufa. Mwezi Novemba mwaka huohuo jeshi likalazimisha helmeti kwa waendesha pikipiki wake. Raia wa kawaida wa Uingereza walisubiri mpaka 1973 ndipo sheria ikawafikia.

Kwa hiyo swali la kwanza lilishajibiwa zamani: helmeti inaokoa. Lililobaki ni gumu zaidi. Mtu ataivaaje siku nzima bila kutamani kuitupa?

Kioo kikaingia, na mdomo nao

Mwaka 1953 Mmarekani C. F. Lombard wa Chuo Kikuu cha Southern California alipata hataza ya helmeti ya matabaka mawili. Nje ni ganda gumu, ndani ni povu linalobonyea likipigwa, ili pigo limalizikie kwenye povu badala ya ubongo. Ukiifungua helmeti ya leo utalikuta povu la ukoo huohuo, linafanana na lile la maboksi meupe ya kuhifadhia samaki.

Lakini uso bado ulikuwa wazi. Waendeshaji walikula upepo, wadudu na vumbi. Mwaka 1968 kampuni ya Bell ya Marekani ikaja na Bell Star, helmeti iliyofunika mpaka kidevu, ikiwa na kidirisha cha kuonea mbele. Dereva Dan Gurney aliivaa mwaka huohuo kwenye Formula 1, na watu wa pikipiki hawakuchelewa kuifuata. Macho yakapona. Yakaja matatizo mapya: ukungu kwenye kioo, joto, na upepo unaopiga kelele kwenye kila ufa.

Upande mwingine kulikuwa na watu wa motokrosi, wale wa kuruka vilima vya udongo. Wao walihitaji mdomo mrefu juu ya paji la uso, kwa sababu mbili: kuzuia jua, na kuinamisha kichwa ili tope linalorushwa na pikipiki ya mbele lisiingie machoni. Kwenye matope mwendo si mkubwa, kwa hiyo upepo haukuwa shida.

Baadaye watengenezaji wakaviunganisha viwili hivyo: kioo cha barabarani na mdomo wa porini, kwa ajili ya mtu anayepita lami na vumbi siku moja. Ukiiangalia Jambiani, yenye lami ya barabara kuu na njia za mawe na mchanga za kuelekea ufukweni, unaona kwa nini helmeti hiyo inapendwa huku. Inapendeza, inakinga jua kali, na kwenye picha inatoka fresh. Tatizo ni pale inapotoka kijijini na kuingia barabarani kwa kasi. Mdomo ule unageuka tanga.

Hesabu ya kusi

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Nguvu ya upepo haiongezeki sawasawa na mwendo. Mwendo wa hewa ukizidi mara mbili, nguvu yake inazidi mara nne. Ukizidi mara tatu, nguvu inazidi mara tisa.

Sasa iweke hesabu hiyo barabarani. Chukua siku ambayo kusi linavuma kilomita 30 kwa saa, upepo wa kawaida kabisa kwa wale vijana wa kaiti wanaojazana Paje na Jambiani kuanzia Juni mpaka Septemba. Boda anakwenda 60. Akielekea Paje, upepo ukiwa mgongoni moja kwa moja, kichwa chake kinakutana na hewa ya 30 tu. Akirudi Jambiani, upepo ukiwa usoni, kinakutana na hewa ya 90. Barabara ileile, mwendo uleule kwenye dashibodi, lakini nguvu inayosukuma helmeti ni mara tisa. Ndiyo maana mtu anakwenda Paje akiwa mtulivu na kurudi akiwa amevurugwa.

Mara nyingi kusi halimpigi mtu usoni sawasawa, linamjia kwa pembeni. Ukipita nyuma ya nyumba au ukuta wa hoteli, unakatika. Ukitokea kwenye uwazi, unakupiga kofi. Huko kukatika na kurudi ndiko kunakotesa. Upepo mkali unaosukuma bila kubadilika, shingo inauzoea. Upepo unaokuja vipande vipande, shingo haiuzoei.

Wavuvi wa ngalawa walijua kitambo

Jambiani ni kijiji cha ngalawa kabla ya kuwa kijiji cha pikipiki. Mzee yeyote aliyeshika usukani anajua tofauti ya joshini na demani, upande upepo unakotoka na upande unakokwenda. Anajua pia kwamba ukipitisha chombo chako demani ya chombo kikubwa, tanga linaanza kupwaya na kupigapiga. Upepo bado upo, ila umeshavunjwa na tanga la mwenzako. Umebaki visulisuli, kila kimoja na upande wake.

Helmeti inatikisika kwa sababu hiyohiyo. Hewa ikipita kwenye kitu chenye ukingo, iwe kioo cha mbele cha pikipiki, kioo cha kutazamia nyuma au mdomo wa helmeti, haijifungi vizuri upande wa pili. Inajikunja na kuachia visulisuli kwa zamu, kimoja huku, kingine kule. Mwanahisabati Theodore von Kármán aliandika kuhusu zamu hizo mwaka 1911 na 1912, akichunguza mikondo inayopita nyuma ya mirija. Kichwa chako kikikaa palepale visulisuli vinapopita, kinasukumwa kushoto na kulia mara nyingi kwa sekunde. Macho yanashindwa kutulia, bango la mbele linaonekana mawili.

Kwa hiyo adui mkubwa siyo upepo mwingi. Adui ni upepo uliovunjika. Jambo hilo wahandisi wa pikipiki nao walijifunza, ila kwa kuzunguka sana.

Vespa, pipa la taka na BMW

Anza na chombo ambacho Mji Mkongwe wanakijua vizuri: Vespa. Hataza yake iliwasilishwa Italia tarehe 23 Aprili 1946, na aliyeichora, Corradino D'Ascanio, alikuwa mtu wa ndege na helikopta. Akaiwekea ngao pana mbele ili miguu na nguo zisichafuke. Kwa vichochoro vya Mji Mkongwe ni kazi safi kabisa. Ila ngao ile inaishia kiunoni. Hewa inapanda juu yake, na kichwa kimeachwa kijitegemee. Watu wakaanza kufunga vioo virefu mbele. Wengine wakafurahi, wengine wakashangaa kwamba kelele zimezidi. Kumbe ukingo wa kile kioo ulikuwa unaachia visulisuli palepale paji la uso lilipo.

Kwenye mbio, mawazo yalikuwa kuziba kila kitu. Kampuni ya Moto Guzzi ilijenga chumba chake cha kupimia upepo huko Mandello del Lario, na miaka ya 1950 pikipiki za mbio zikaanza kufunikwa mbele nzima, mpaka gurudumu. Waingereza wakaliita umbo lile pipa la taka. Kasi iliongezeka sana, lakini upepo wa ubavuni ulipokuja, pikipiki ilipeperushwa kama mlango wa bati. Shirikisho la kimataifa la mchezo huo likapiga marufuku maumbo hayo kuanzia msimu wa 1958. Funzo likawa wazi: kuziba sana nako ni hatari, hasa mahali penye upepo wa pembeni. Madereva waliofunga miavuli mikubwa juu ya boda huko Kenya na Uganda wanaelewa hilo kila siku ya upepo.

Mwaka 1976 BMW ikatoa R100RS, iliyochorwa na Hans Muth na kupimwa kwenye chumba cha upepo cha Pininfarina, Italia. Hii haikujaribu kuuzuia upepo wote. Iliuelekeza upite juu na pembeni ya dereva ukiwa bado mzima. Kutoka hapo, swali la watengenezaji likabadilika. Badala ya kuuliza watauzuiaje upepo, wakauliza utapita wapi. Helmeti nazo zikafuata njia hiyo: nyuma zikachongwa, matundu ya hewa yakafichwa, midomo ikatobolewa ili hewa ipite katikati yake.

Historia hiyo inamsaidiaje boda wa leo?

Inasaidia sana, na mengi ni ya bure.

*Mdomo uondoke.* Kwenye helmeti nyingi za aina hii umeshikwa kwa skrubu mbili au tatu. Siku ya safari ndefu ya kwenda mjini, utoe. Ukiurudisha, uweke chini kidogo badala ya kuuelekeza angani. Ukielekea juu, hewa inauingia kwa chini na kuunyanyua, na ukigeuza kichwa kutazama pembeni unakuzungusha shingo.

*Helmeti ikae sawa.* Hili ndilo kubwa kuliko yote. Ifunge mkanda, ishike kwa mikono miwili, igeuze. Ngozi ya mashavu ikienda nayo, iko vizuri. Ikizunguka yenyewe, ni kubwa, na hata upepo mdogo utaitikisa. Povu la ndani hulegea kwa matumizi, kwa hiyo iliyokutosha miaka mitano iliyopita huenda haikutoshi tena. Abiria ndiye anayeumia zaidi hapa, maana boda wengi wana helmeti moja ya ziada kwa vichwa vyote vya kijiji. Kwa dada aliyevaa mtandio, ncha zichomekwe ndani ya nguo na fundo la nyuma lisambazwe. Fundo linainua helmeti, na ncha zikiachwa nje zinapigapiga.

*Kioo kikae chini mpaka mwisho.* Kioo kilichofunguliwa nusu ni ukingo mwingine wa kuvunja upepo. Kama kimechakaa na hakishiki, au mpira wake umekauka, badilisha kioo au mpira kabla hujailaumu helmeti nzima.

*Kagua kioo cha mbele cha pikipiki.* Mahali palipo wazi, kwa mwendo wa kiasi, inua kiwiliwili kidogo, kisha inama kidogo. Kelele zikipungua kwa tofauti ya sentimita chache, basi tatizo ni ukingo wa kioo kile, siyo helmeti. Kishushe ili kichwa kipate upepo mzima, au kilaze kidogo ili upepo upite juu zaidi. Watu wengi hushangaa kwamba kukiondoa kabisa kunatuliza kuliko kukirefusha.

*Usijifiche nyuma ya lori au daladala.* Hapo ni demani ya chombo kikubwa. Unahisi umepumzika, halafu gari linahama kidogo na visulisuli vyake vyote vinakuangukia. Na ukiwa karibu hivyo, likifunga breki huna pa kwenda.

*Funga shingo.* Sehemu kubwa ya kelele huingia kwa chini. Skafu nyepesi iliyochomekwa vizuri ndani ya koti inaziba. Skafu inayopepea nyuma kwa ajili ya picha inaongeza shida, na ikinasa kwenye gurudumu ni hatari ya kifo.

*Punguza mwendo.* Ushauri huu haupendwi lakini hesabu yake haina ubishi. Kushuka kutoka hewa ya 80 mpaka 60 kunaondoa karibu asilimia 44 ya nguvu inayokisukuma kichwa. Hakuna helmeti ya duka lolote itakayokupa punguzo hilo.

Kwa nini hili si jambo dogo

Mtu anaweza kusema, ah, mtikisiko tu, vumilia. Lakini mtu haachi helmeti siku moja kwa kupenda kufa. Anaiacha kidogo kidogo. Kwanza anapandisha kioo, halafu analegeza mkanda, halafu anaivua kwa safari fupi ya dukani, mwisho inahamia kwenye kiwiko. Kila hatua ina sababu ndogo inayoeleweka: joto, kelele, shingo.

Upande wa pili wa mizani hauna udogo. Mwaka 2008 watafiti wa Cochrane walikusanya tafiti kutoka nchi mbalimbali na kukadiria kwamba helmeti inapunguza hatari ya kufa kwenye ajali ya pikipiki kwa asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Namba hizo ni za helmeti iliyo kichwani. Ya kiwiko haimo.

Kelele nazo zina deni lake. Kwenye mwendo wa barabara kuu, kelele ya upepo ndani ya helmeti huvuka desibeli 90, kiwango ambacho kiwandani mfanyakazi hupewa kinga ya masikio. Anayeshinda juu ya pikipiki tangu alfajiri mpaka isha analipa kwa usikivu wake bila kujua, kidogo kidogo, kwa miaka.

Gardner alitatua ugumu wa kofia. Cairns akathibitisha kwamba inaokoa. Lombard akaiwekea povu. Kazi iliyobaki inafanyika kila asubuhi nje ya mlango, Jambiani, Makunduchi, Bwejuu, kwa bisibisi na dakika tano: skrubu za mdomo, mpira wa kioo, mkanda, fundo la mtandio. Kusi halitaacha kuvuma kwa ajili ya mtu. Mvuvi wa ngalawa hakuwahi kulitaka liache, aligeuza tanga tu.

Yule kijana wa Paje naye, kabla hajaivua helmeti kesho, aanze kwa kutoa ule mdomo.

Haya wadau, helmeti zenu zinakaa wapi, kichwani au kiwikoni? Na nani ameshawahi kutoa mdomo akaona tofauti? Semeni ukweli kwenye komenti.